Mnyama wa Maabara na Hesabu ya Maumivu

Aprili 1947, kwenye jukwaa la mbao lililojengwa juu ya mti katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kima mmoja alipandwa na homa. Asili yake ilikuwa Asia. Aliletwa Uganda kwa kazi moja: kukaa kizimbani juu ya miti aumwe na mbu, ili wataalamu wa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, iliyokuwa ikifadhiliwa na Wakfu wa Rockefeller, wajue ni virusi gani vinazunguka msituni. Jina hakuwa nalo. Alikuwa na namba, 766. Alitolewa damu, seramu yake ikadungwa kwenye ubongo wa panya weupe, na siku kumi hivi baadaye panya hao wakaanza kuugua. Hivyo ndivyo kirusi cha Zika kilivyojulikana. Karibu miaka 70 baadaye, watoto walipoanza kuzaliwa na vichwa vidogo huko Brazili, madaktari walikuwa na mahali pa kuanzia.

Kima 766 alipata homa tu. Walioumia ni panya, na wao hata namba zao hazitajwi. Mnyama anayetutia huruma mara nyingi siye anayeumia zaidi, na faida ya jaribio yaweza kuchelewa mpaka waliolifanya wasiwepo kuiona. Ndiyo maana mjadala kuhusu wanyama wa maabara huwa mkali na huwa haufiki mbali. Upande mmoja unaonyesha picha ya kima aliyefungwa kwenye kiti cha chuma. Upande wa pili unaonyesha mtoto aliyepona. Kila upande unasema kweli, na kila upande unauzuia mwingine kuona jambo lililo wazi: sehemu kubwa ya maumivu ya maabara haimo kabisa katika ugomvi huo. Ni maumivu ambayo hata jaribio lenyewe halikuyahitaji. Hayakumponya mtoto yeyote, na yangeweza kuondolewa bila sayansi kupoteza kitu. Uchambuzi huu unayafuata hayo.

Tuanze na kitendawili kilicho chini ya kila jaribio. Ili matokeo yatufae, mnyama lazima afanane nasi: moyo, ini, mishipa ya fahamu, kinga ya mwili. Ili tendo liruhusiwe, lazima atofautiane nasi. Waswahili walishasema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Tiba ya kisasa imejengwa juu ya kukiri kwamba uchungu wa wote wawili unapita katika mishipa ya aina moja. René Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa wa karne ya 17, alikikwepa kitendawili hicho kwa kusema mnyama ni mtambo, na baadhi ya wafuasi wake wakapasua mbwa hai wakiamini kilio ni mlio tu. Karne ya 19 jibu hilo halikutosha tena. Claude Bernard, baba wa fiziolojia ya majaribio, alijua kuwa mbwa wake si mitambo. Kwa kuwapasua aligundua jinsi ini linavyohifadhi sukari, ugunduzi ambao kila mgonjwa wa kisukari anaudai urithi wake. Mali aliyokuja nayo mkewe, Fanny Martin, ndiyo iliyomwezesha kuendelea na kazi hiyo, na mke huyohuyo alimwacha na kujiunga hadharani na wapinzani wa upasuaji wa wanyama hai. Sidhani kuna kisa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba mgawanyiko huu hauko kati ya wasomi na wajinga. Ulikuwa ndani ya nyumba moja.

Jeremy Bentham, Mwingereza, alikuwa amekwisha kuupeleka mjadala mahali pengine mwaka 1789. Kwake yeye, kama mnyama anafikiri au anazungumza halikuwa swali la maana; la maana ni kama anaweza kuumia. Sheria ya kwanza duniani ya kusimamia majaribio kwa wanyama, ya Uingereza mwaka 1876, ilimfuata Bentham kimyakimya: ilitaka leseni, na ilitaka nusukaputi pale ambapo mnyama angeumia, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Maumivu yakawa jambo la kisheria. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua jinsi ya kuyapima.

Udhaifu huo ulijitokeza mahakamani. Februari 1903, William Bayliss wa University College London alimpasua mbwa mdogo wa kahawia mbele ya wanafunzi wa udaktari. Bayliss hakuwa mchinjaji wa ovyo. Mwaka uliotangulia yeye na Ernest Starling walikuwa wamegundua sekretini, kemikali iliyofungua elimu yote ya homoni, na waliigundua kwa mbwa. Darasani walikuwemo wanawake wawili kutoka Sweden, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, waliojiandikisha masomoni ili waone kwa macho yao. Waliandika kwamba mbwa alikuwa na kidonda cha upasuaji wa awali, kwamba hawakusikia harufu ya dawa ya usingizi, na kwamba alikuwa akijinyonganyonga. Wakili Stephen Coleridge, kiongozi wa chama cha kupinga majaribio hayo, aliyasema hayo hadharani. Bayliss akamshtaki kwa kumchafulia jina, akashinda na kupewa fidia ya pauni 2,000.

Watu waliopinga hukumu hiyo walisimamisha sanamu ya mbwa huyo huko Battersea mwaka 1906. Wanafunzi wa udaktari waliandamana na kupigana na polisi mitaani Desemba 1907 wakitaka iondolewe, na mwaka 1910 halmashauri iliiondoa usiku chini ya ulinzi. Kisa hiki husimuliwa kama vita vya kisiasa, na kweli kilikuwa hivyo: vyama vya wafanyakazi na watetezi wa haki za wanawake walijikuta upande wa mbwa. Ila mimi kinachonivuta ni ushahidi wenyewe. Bayliss aliapa kwamba mbwa alipewa morfini na mvuke wa klorofomu na etha. Wanawake wale waliapa kwamba alihangaika. Wanafunzi walisema ule ulikuwa mtetemo wa misuli tu. Watu wenye macho mazima walimtazama mnyama mmoja katika chumba kimoja, wakatoka na majibu yanayopingana, na baraza la wazee wa mahakama likachagua la mtu mwenye cheo.

Ilichukua zaidi ya miaka 100 kupata kipimo kinachofaa, na kilikuja kutoka kwa watafiti wa maumivu yenyewe. Mwaka 2010 Jeffrey Mogil na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba uso wa panya husema. Panya mwenye maumivu hufumba macho kwa kukaza, pua na mashavu huvimba, masikio hurudi nyuma, masharubu hubadili mkao. Kila dalili hupewa alama kuanzia sifuri hadi mbili kwenye picha, na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi hutoa alama zinazokaribiana na za mwenzake. Baada ya hapo vikaja vipimo vya aina hiyo kwa panya wakubwa wa maabara, sungura na farasi.

Kwa nini hakuna aliyeyaona maumivu hayo mapema? Kwa sababu panya ni mnyama wa kuliwa. Porini, anayechechemea ndiye paka humchagua, kwa hiyo panya aliyejeruhiwa hujikaza na kutulia anapotazamwa. Kwa miongo mingi mafundi wa maabara waliandika kwenye daftari kwamba mnyama yuko sawa, na waliandika kwa nia njema, kwa kuwa panya alinyamaza walipoingia chumbani. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo, wa mwaka 2014, uliongeza jambo la kushangaza: panya na panya wakubwa walionyesha dalili chache za maumivu mtafiti mwanamume alipokuwa karibu, hata fulana aliyoivaa ilipowekwa tu jirani. Harufu ya kiume iliwatia hofu, na hofu hupunguza maumivu kwa muda. Fikiria ni majaribio mangapi ya dawa za maumivu yaliyofanyika bila mtu kuandika nani alishika kizimba.

Kuna zaidi. Desturi ya kumnyanyua panya kwa mkia, inayofundishwa karibu kila maabara, ilichunguzwa huko Liverpool; Jane Hurst na Rebecca West walieleza mwaka 2010 kwamba humtia mnyama wasiwasi mkubwa, ilhali kumwinua kwa kiganja au ndani ya bomba la plastiki humtuliza. Bomba hilo halina gharama ya kutajwa. Na joto: panya mdogo hujisikia vizuri kwenye nyuzijoto 30 hivi, lakini vyumba vingi vya maabara huwekwa kwenye 20 hadi 24 kwa sababu watu waliovaa makoti hupendelea hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa uvimbe wa saratani hukua haraka zaidi kwa panya wa chumba cha baridi kuliko kwa wale wa chumba chenye joto, kwa kuwa baridi hudhoofisha kinga yao. Joto la Dar es Salaam ambalo wageni hulalamikia lingewafaa panya hao kuliko viyoyozi tunavyowaagizia.

Mifano hii nimeirundika kwa makusudi. Inabomoa hoja ambayo watafiti wengi bado wanaitumia kukataa kumpa mnyama dawa ya kutuliza maumivu baada ya upasuaji, yaani kwamba dawa itavuruga matokeo. Huenda ikavuruga, dawa nyingi huingilia uvimbe na kinga. Lakini maumivu nayo huvuruga. Huongeza homoni za msongo, hukatiza usingizi na hamu ya kula, hushusha kinga. Mtafiti anayemnyima mnyama dawa haondoi kivurugi. Anachagua kile asichokipima. Kama kweli jaribio lake haliwezi kuvumilia dawa yoyote, athibitishe kwa jaribio dogo, aandike, kamati isome. Kusema tu haitoshi.

Fikra hii ilipata umbo lake mwaka 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch walipochapisha kitabu kilicholeta kanuni tatu: tumia mbadala wa mnyama inapowezekana, punguza idadi, boresha mbinu ili mateso yapungue. Kitabu kilikaa rafuni miaka mingi kabla ya kuwa uti wa mgongo wa sheria ya Uingereza ya 1986 na ile ya Umoja wa Ulaya ya 2010, ambayo iliingiza hata pweza na ngisi katika ulinzi wake na kutaka kila jaribio lipangwe mapema kulingana na ukali wa mateso yake. Hiyo kanuni ya tatu, ya kuboresha, haiwezi kuwa ngeni kwa msomaji wa pwani. Anayechinja kwa taratibu za Kiislamu anajua kisu hunolewa kikawa kikali, na hakinolewi mbele ya macho ya mnyama. Anaijua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: kosa lake lilikuwa kumfungia bila chakula wala nafasi ya kujitafutia. Mapokeo hayo yanaruhusu kuua kwa haja, na yanakataza mateso yasiyo na haja. Mjadala wa maabara umezunguka karne mbili ili kufika papo hapo.

Marekani ilifika kwa njia yake, yaani kwa kashfa. Mwaka 1965 mbwa aitwaye Pepper aliibwa na kuishia maabara; mwaka uliofuata, baada ya jarida la Life kuchapisha picha za mbwa waliokondeana kwa mfanyabiashara wa wanyama, Bunge likapitisha sheria. Mwaka 1981 Alex Pacheco aliyefanya kazi kwenye maabara ya Silver Spring alitoa picha za kima waliokaa katika uchafu na vidonda. Mwaka 1985 sheria ikaongezwa makali, kila taasisi ikalazimika kuwa na kamati ya kupitia majaribio. Hata hivyo, marekebisho ya mwaka 2002 yaliwaondoa waziwazi panya, panya wakubwa na ndege wanaofugwa kwa ajili ya utafiti. Kisheria wao si wanyama. Kanuni nyingine za fedha za serikali huwagusa, lakini sheria yenyewe inawapita wale walio wengi kuliko wote. Wakati huohuo Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufundishwa Morogoro na shirika la APOPO, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Ni binamu wa mbali wa wale wa maabara, na alikuwa na jina.

Ukubwa wa jambo lenyewe haujulikani kwa hakika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalitaja takriban wanyama milioni 192 kwa mwaka 2015 duniani kote. Ni makadirio, kwa kuwa nchi nyingi hazihesabu.

Je, majaribio hayo yanatusaidia? Wanaosema majaribio kwa wanyama hayana maana wasome habari za Marekani mwaka 1937. Kampuni moja iliyeyusha dawa ya salfa katika kemikali tamu inayohusiana na zile za kuzuia maji ya gari yasigande, ikaiuza bila kuijaribu kwa mnyama yeyote. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Panya wachache wangetosha kuonyesha hatari. Insulini ya Banting na Best mwaka 1921 ilitoka kwa mbwa wa Toronto, na chanjo ya polio isingepatikana ilivyopatikana bila kima.

Wanaosema kinyume chake, kwamba mnyama ni kioo cha binadamu, nao wasome ya London, Machi 2006. Vijana sita wenye afya walidungwa dawa mpya iitwayo TGN1412 kwa kipimo kidogo mara 500 kuliko kile ambacho kima walikistahimili bila shida. Ndani ya saa chache viungo vyao vilianza kushindwa kazi. Waliokolewa wote, kwa taabu. Kima hawakudanganya, seli zao za kinga zilitofautiana na zetu mahali padogo ambapo hakuna aliyetazama.

Kati ya misiba hiyo miwili kuna jambo la kawaida zaidi, na kwangu ndilo baya zaidi. Mwaka 2009 wataalamu wa kituo cha Uingereza kinachosimamia zile kanuni tatu walipitia makala 271 za majaribio kwa wanyama. Asilimia 87 hazikueleza kuwa wanyama waligawanywa kwa bahati nasibu. Asilimia 86 hazikueleza kuwa mpimaji alifichwa asijue mnyama yupi amepewa dawa. Hayo ni mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu huyajua. Jaribio lisilofanya hivyo halithibitishi kitu, na mnyama aliyeumia ndani yake ameumia bure. Hapo mtetezi wa wanyama na mtetezi wa sayansi wangepaswa kushikana mikono, lakini mara chache nimewaona wakifanya hivyo. Picha ya kima kitini huchangisha fedha nyingi kuliko jedwali la takwimu mbovu.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo jaribio ni la lazima, limepangwa vizuri, na maumivu yapo palepale. Dawa ya sumu ya nyoka ni mfano ulio karibu nasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wakiwa wakulima na watoto wa vijijini Asia na Afrika. Dawa hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo kwa muda mrefu hadi damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo husafishwa. Farasi anahitaji uangalizi wa kweli, maana sumu ya kifutu huozesha nyama pale ilipoingia. Halafu inakuja kupima nguvu ya dawa. Njia inayokubalika ni kuchanganya sumu inayotosha kuua na viwango mbalimbali vya dawa, kuwadunga makundi ya panya, na kuhesabu wangapi wamekufa baada ya saa 24. Ni mtoto wa kipimo alichokibuni J. W. Trevan mwaka 1927, cha kutafuta kiwango kinachoua nusu ya wanyama. Kwa kemikali za kawaida nchi tajiri zilikifuta kipimo hicho kwenye miongozo yao mwaka 2002. Kwa sumu ya nyoka kimebaki.

Panya anayekufa kwa sumu ya kifutu hafi kwa amani. Lakini tazama kinachotokea kipimo kinapokosekana au kupuuzwa. Ghana, mwaka 2004, hospitali moja ya vijijini ililetewa dawa mpya iliyoandaliwa kwa nyoka wa Asia. Kati ya walioumwa, vifo vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kila aliyeongezeka katika hesabu hiyo alikuwa mtu mwenye shamba na familia, aliyeamini chupa aliyoonyeshwa.

Mimi ningeruhusu kipimo cha panya kwa dawa ya nyoka, na ningeruhusu bila kusitasita. Ila ruhusa hiyo ina masharti ambayo hayapunguzi ukweli wa kipimo hata chembe. Panya apewe dawa ya maumivu kabla ya sumu, jambo ambalo wataalamu wa fani hii wenyewe wamekuwa wakilipendekeza. Anayeonekana wazi hatapona auawe mapema badala ya kusubiriwa afe kwa saa zake. Dawa zipitishwe kwanza kwenye vipimo vya chupani, vinavyoonyesha kama kinga inaishika sumu au haiishiki, ili chupa mbovu zikataliwe kabla ya panya wa kwanza kuguswa. Mwanafalsafa Tom Regan, aliyeandika mwaka 1983, angekataa yote hayo. Kwake kila mnyama mwenye maisha yake ya ndani ana haki ya kutotumiwa kama chombo, na haki haipimwi dhidi ya faida ya mwingine. Peter Singer, ambaye kitabu chake cha 1975 kiliamsha harakati za kisasa, angekubali kupima, lakini angetudai tulinganishe kwa haki. Hoja ya Regan sina namna ya kuivunja. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu anayeitekeleza lazima awe tayari kusimama mbele ya mkulima wa Ghana na kumweleza.

Afrika Mashariki imekuwa katikati ya habari hii kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda walisafirishwa kwenda Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia, figo zao zitumike kuotesha seli za kutengenezea chanjo ya polio. Wafanyakazi waliowagusa wakaanza kutokwa damu. Watu 31 waliugua na 7 wakafa, na ugonjwa ukapewa jina la mji wa Kijerumani. Wa kwanza kuambukizwa walikuwa wale waliokuwa na mikono ndani ya vizimba na matumbo ya wanyama, na hilo ni somo la ustawi pia: maabara inayowajali wanyama wake huwajali na wahudumu wake.

Nairobi, kwenye msitu wa Oloolua, iko taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani ambayo mwanzo wake unatokana na Louis Leakey. Nyani wa Kenya wamesaidia kuchunguza kichocho, malaria na ugonjwa wa endometriosisi, ambapo tishu za ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kumletea mwanamke maumivu makali kila mwezi. Nyani jike anafaa kwa kuwa naye hupata hedhi. Kile kitendawili cha mwanzo hakijawahi kuwa wazi zaidi: tunamtumia nyani kuelewa maumivu ya mwanamke kwa sababu yake yanafanana na hayo. Mwaka 2012 wanaharakati wa Uingereza waliibua habari kwamba watafiti wa chuo kikuu kimoja cha kwao walikuja Kenya kufanya majaribio kwa nyani waliokamatwa porini, jambo ambalo nyumbani wasingeruhusiwa kirahisi. Watafiti walisema kazi ilifuata sheria za Kenya. Bila shaka ilifuata. Ndiyo sababu sheria za Kenya zinahitaji kuwa na makali yaleyale, la sivyo huruma ya Ulaya itaendelea kuhamisha mateso badala ya kuyapunguza.

Sheria zenyewe zipo. Sura ya 360 ya Kenya, ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inataka leseni kwa anayefanya majaribio. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, maneno ambayo nchi nyingi tajiri zilichelewa kuyaandika. Nguvu ya sheria za aina hii hutegemea anayekaa kwenye kamati. Kamati yenye watafiti watupu, waliosoma pamoja na wanaopitishiana maombi, itaruhusu karibu kila kitu bila hata nia mbaya. Iwe na daktari wa mifugo mwenye mamlaka ya kusimamisha jaribio linaloendelea, mtu wa takwimu, na raia asiye na kazi chuoni. Mhudumu anayewalisha wanyama asikilizwe pia, kwa kuwa ndiye wa kwanza kujua panya yupi hajala tangu jana.

Habari za mbadala zinatia moyo, nami nazipita upesi kwa kuwa zinatangazwa vya kutosha. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kabisa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013, na wanawake wa Ulaya hawajaacha kujipamba. Marekani iliondoa mwishoni mwa 2022 sharti la kisheria la kuzijaribu dawa kwa wanyama kabla ya binadamu, ikaruhusu seli za binadamu zilizooteshwa kwenye vijisahani na mahesabu ya kompyuta kutumika pale vinapotosha. Havitoshi kila mahali. Seli za ini kwenye kijisahani hazipati homa, hazibebi mimba, wala hazizeeki.

Uingereza huchapisha kila mwaka idadi ya taratibu zilizofanyika kwa wanyama na ukali wa mateso ya kila moja. Kwa mwaka 2023 zilikuwa karibu milioni 2.7. Takwimu hizo hazikuua sayansi ya Uingereza. Nairobi na Dodoma zitoe jedwali la namna hiyo, hata kama mwaka wa kwanza litakuwa na makosa: wanyama wangapi, wa aina gani, waliumia kiasi gani, walipewa nini. Na wewe msomaji, utakaposikia redioni kwamba dawa fulani imeponya panya, muulize mtafiti maswali mawili kabla ya kumpongeza: panya waligawanywaje, na baada ya kisu walipewa nini cha kutuliza maumivu. Akishindwa la kwanza, dawa yake usiiamini bado. Akishindwa la pili, kamati iliyompa kibali ina maelezo ya kutoa.